Shangazi, Umenitilia Neno

Ole, Ijumaa baada ya adhuhuri

Shangazi yangu Bi Mkasi,

Amani iwe juu yako huko uliko, na udongo uliokufunika ukuwie mwepesi. Baba ametoka makaburini sasa hivi, amekusomea dua. Mimi mwanamke siendi, kwa hiyo nimekaa ukumbini juu ya mkeka wako, na dua yangu nimeisoma hapa hapa. Ilipokwisha nikaona bado nina maneno mengi yasiyoingia katika dua. Nikachukua kalamu.

Nina habari, Shangazi! Kalamu inanikimbia, na tone la wino limekwisha kuanguka pale juu karibu na jina lako. Unisamehe, karatasi nyingine sina. Lakini sikuambii mwisho kabla ya mwanzo, maana najua ungenikatiza. "Anza mlangoni," ulikuwa ukisema, "usinirukie dirishani." Haya, naanza mlangoni.

Tangu ulipotutoka nyumba imejifunza kunyamaza. Mama hataki mtu akalie mbuzi yako ya kukunia nazi. Amenunua nyingine, anailaumu kila siku kwamba haina meno. Baba anakunywa kahawa kwa kikombe chako chenye ufa. Mama akimwambia kitamkata mdomo, hujibu, "Mkasi hakikumkata." Barazani siku hizi ni siasa za vyama tu, asubuhi na jioni, na wapo waliokuwa wakinywa kahawa birika moja ambao sasa kila mmoja anakunywa kwake. Naijua kauli yako: ungetoka na birika mkononi uwaulize kahawa hii ina chama gani. Pacha wa jirani yetu Bi Mize wanatembea wote wawili, na yule wa pili ndiye mwizi wa mabungo. Na ule ukili wako uliousuka hata ukakaribia kutosha mkeka mzima, bado umening'inia jikoni, umezungushwa kama ulivyouacha. Hakuna aliyethubutu kuushika.

Sasa sikiliza.

Mwezi uliopita Mwalimu Bi Zuhura aliingia darasani na tangazo. Hospitali ya Chake Chake inafungua siku za kina mama na watoto wachanga, na wanataka wasichana wawili wa darasa la nane, wawasaidie manesi shule ikifungwa, wafundishwe kazi hapo hapo. Anayetaka apeleke barua ya maombi pamoja na maelezo yake mwenyewe: ni nani, anajua nini, amefanya nini. Mimi nikamfinya Salma, rafiki yangu anayekaa karibu nami.

Nilipomwambia Baba, hakukataa, wala hakukubali. Unamjua ndugu yako. Alizungusha kikombe, akasema, "Barua moja, Raya. Wakikuita, nenda. Wasipokuita, usiniletee tena habari za Chake Chake. Utakaa na mama yako, yakujie ya kheri yako." Mama aliinamisha uso kwenye mchele, akachambua punje ambazo hazikuwa na kitu. Nikajua kwamba nina mlango mmoja, na ukifungwa umefungwa.

Basi nikaandika, Shangazi, na niliandika kwa adabu zote mlizonilea nazo. Nilianza: "Kwa Bwana Daktari mwenye heshima na taadhima. Baada ya salamu nyingi zisizo na idadi kama mchanga wa pwani, natumai wewe na watu wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, nyote hamjambo. Nasi huku hatujambo, ila kasoro ndogo ndogo za dunia." Nikamwuliza hali ya watoto wake. Nikamwombea mvua njema, sijui kwa nini, daktari analima nini? Nikataja ukoo wetu kutoka kwa Baba mpaka babu wa babu. Ukurasa ukajaa, nikageuza. Nyuma nikaandika kwamba mimi ni mtoto mdogo, bure ghali, sina elimu wala sina lolote, lakini wakiona inafaa kunisitiri kwa kazi yoyote nitashukuru.

Baba aliisoma kwa sauti, akairudia sehemu ya ukoo. "Hii ndiyo barua," akasema. "Mtu akiisoma hii atajua umetoka nyumba ya watu."

Nikaipeleka kwa Mwalimu nikiwa nimeikunja vizuri ndani ya kitabu. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Raya, mwanangu," akasema, "unamwomba daktari kazi, au unamwozesha binti yake? Kazi yenyewe imeingia mstari wa mwisho, tena imeingia kwa kuchungulia!"

"Lakini Mwalimu, ndiyo adabu."

"Adabu ni hodi moja. Ukibisha hodi kumi watatoka waone nani mwendawazimu. Daktari akimaliza kuisoma hii atajua mambo mawili: ukoo wenu mrefu, na wewe hujui lolote. Umemwambia mwenyewe! Sasa akuite ukafanye nini?"

Akanionyesha sura ya barua ya kuomba kazi. Anwani yangu juu, ya kwao chini yake. Mstari wa kwanza useme kazi ninayoitaka. Halafu nilikosoma. Halafu niliyoyafanya yanayofanana na kazi hiyo, la karibu kabla ya la mbali. Halafu watu wawili wanaonijua, wanaoweza kuulizwa. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kusomeka, wala wino usidondoke. (Usicheke, Shangazi. Barua ya kwao haikudondoka. Yako ndiyo iliyodondoka.)

Sura niliipata. La kutia ndani sikulipata. Nilikaa mbele ya karatasi, na kila nikitaka kuandika "najua" mkono unakataa. Najua nini mimi? Na hata kama najua, ni mimi wa kusema? Nikaenda kwa Salma nione yeye ameandika nini. Salma alikuwa amekusanya maneno yote mazuri aliyoyakuta vitabuni: hodari, mwerevu, msafi, mvumilivu, mwaminifu, mchangamfu, mtiifu. Nikaona yamependeza. Nikaazima manne, nikarudi nyumbani nikamsomea Mama.

Mama akaacha mwiko chunguni. "Hee! Huyo kazi ya nini? Huyo apewe kisiwa atawale! Na mwerevu huyo ndiye aliyeunguza wali juzi?"

Baba hakutania. Alisema polepole, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Binti yangu hajitembezi." Na Mama akaongeza kwamba mtu akijitaja mazuri yake mbele ya watu anaalika kijicho, wala haipiti wiki ataanguka na homa.

Nilipompelekea Mwalimu neno hilo la Baba, hakulidharau. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie baba yako ni kweli, chema chajiuza, kikiwa sokoni. Kikiwa ndani ya pakacha lililofungwa, nani akione?" Nilimpelekea Baba jibu hilo. Akasema, "Mwalimu wako ana maneno." Lakini hakubadilika.

Siku zikawa zinakwisha. Gari la kupeleka barua za shule lilikuwa liondoke Alhamisi. Jumanne baada ya shule niliingia jikoni, nikakaa kwenye kibao chako, karatasi tupu mapajani. Nilikuwa karibu na kulia. Nikainua macho nikauona ukili wako umening'inia. Na hapo, Shangazi, ndipo nilipoikumbuka Pujini.

Unaikumbuka siku ile? Mimi nilikuwa mdogo, nimebeba kikapu cha tambuu, na wewe umejifunga buibui jipya. Bi Asha jirani yetu alikuwa anamtakia mwanawe Khamis mchumba kule, na kabla wanaume hawajapeleka posa alikutuma wewe uende ukatie neno kwa wanawake wenzako. Watu wote wa Ole walikuwa wakikutuma wewe. Tulikaribishwa, tukakalishwa mkekani, na mama mwenye nyumba hakuchelewa kukuuliza, "Enhe, Bi Mkasi. Na kijana wenu yukoje? Ni mzuri?"

Wewe ukakunja tambuu lako taratibu, ukalitia mdomoni, ukatafuna. Mimi nilikuwa nangoja umsifu Khamis mpaka mbinguni. Ukasema:

"Uzuri siujui mie, uzuri aujua mamake. Mie nna niliyoyaona. Masika ile kubwa, ukuta wa jirani yetu mjane ulianguka. Asubuhi tumeamka twamkuta Khamis yuwakanda udongo, hakuitwa na ntu. Mjane yuko hai, anaitwa Bi Tatu, mwulizeni."

"Na shamba analo?"

"Shamba hana. Ana jembe."

Wakacheka wote, hata bibi mmoja aliyekuwa amelala pembeni akaamka akacheka. Hukuongeza kitu. Tukanywa uji, tukaaga. Na yule binti ndiye leo mke wa Khamis, na mtoto wao mchanga amepewa jina lako baada ya kukuzika.

Njiani nilikuuliza, nakumbuka tulikuwa tunapita penye mihogo, "Shangazi, mbona hukumsifu?" Ukanijibu bila ya kugeuka: "Ukimsifu ntu, watu wakutazama wewe, waone u mwongo au la. Ukisema alilolifanya, watu wamtazama yeye. Na ukisema lililopungua, wakuamini kwa lililozidi."

Nilisimama pale jikoni, karatasi ikaanguka. Nilitaka kukuita! Kwani kazi yote hii ya Mwalimu, ya kusema ni nani, na amefanya nini, na nani aulizwe, wewe uliifanya mkekani Pujini na tambuu mdomoni. Na mimi si lazima nijisifu. Mimi natia neno. Nikajiambia: siandiki mimi. Anakwenda Bi Mkasi. Amefika kwa daktari, amevua viatu, amekaa, na daktari anamwuliza, "Ntoto wenu yukoje?" Bi Mkasi, umeona nini?

Na kitu cha kwanza ulichokiona, Shangazi, ni wewe mwenyewe.

Uliona nikikupeleka Chake Chake ulipoanza kuugua. Mara ya kwanza uliingia peke yako kwa nesi, mimi nikangoja nje, nikawa nasikia sauti yako: "Ndiyo, ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Mungu akubariki." Ukatoka na chupa mbili. Tulipofika barabarani ukaniuliza, "Kasemaje yule?"

"Shangazi, si umeitikia ndiyo?"

"Niseme siyo, nimkose adabu? Ntoto wa watu anasema kwa bidii vile!"

Tulicheka mpaka ukakohoa. Kisha tukarudi ndani pamoja, mimi nikamwuliza nesi upya. Yeye mgeni wa kisiwa, anasema upesi, na wewe unasema Kipemba chako kwa sauti ya chini ukitazama sakafu. Toka siku ile nikawa naingia nawe. Lako nampa yeye, na lake nakupa wewe, na sikuinuka mpaka umenirudishia kwa kinywa chako. Chupa ya kabla ya chakula nikaifunga ukili mweupe, ya baada ya chakula ukili mwekundu, kwa sababu kusoma hukusoma, lakini ukili hakuna akushindaye. Hukuikosea dawa hata siku moja. Haikukuponya. Lakini hukuikosea.

Nilipofika hapo niliisimamisha kalamu. Nilikuwa sijawahi kuyafikiria mambo yale kama kitu "ninachokijua." Kwangu yalikuwa ni kuugua kwako tu.

Niliandika hivi, nakunakilia kama ilivyo:

"Naomba kazi ya kuwasaidia manesi siku za kina mama na watoto. Niko darasa la nane. Shangazi yangu alipougua nilimpeleka hospitalini kwa muda wote wa ugonjwa wake, nikimfasiria maneno ya nesi, nikimpa dawa kwa saa zake. Watoto pacha wa jirani yetu walipopata surua, na mama yao amelala homa, niliwaosha macho na kuwapa uji kila asubuhi kabla ya shule, kama nesi alivyoagiza. Nasema kama wanavyosema mama zetu wa shamba, na Kiswahili cha shule nakiandika. Kiingereza nakisoma, kukisema ulimi bado mzito. Nikiona damu miguu hulegea, ila sijaanguka."

Mwalimu alifurahi, lakini kwenye damu alisita. "Hii tuitoe, Raya."

"Mwalimu," nikamwambia, "shamba hana, ana jembe."

Akanitazama kama nimepata homa. Nikamsimulia habari ya Pujini, yote. Aliposikia akairudisha kalamu yake mezani. "Iache," akasema. "Huyo shangazi yako ningependa kumjua."

Ikabaki mashahidi. Mwalimu mwenyewe wa kwanza. Wa pili nilikwenda kumwomba Bi Mize radhi niandike jina lake. Nilimkuta anaanua nguo, na pacha wake wanazivuta upande wa pili.

"Mimi niandikwe? Kwa daktari?" akapiga kelele. "Ewe Raya, si nitakamatwa?"

"Hukamatwi, Bi Mize. Wataka wajue tu kama nilikuja kweli."

"Ulikuja! Asiseme mtu hukuja! Waandikie huyu wa pili ndiye alikuwa mkorofi, akikutemea uji. Na jina langu uliandike lote, na la baba yangu, na la mume wangu pia, asije akaniuliza nimeandikwa peke yangu kwa nini. Na waambie wakija waje asubuhi, mchana nalala."

Sikuandika habari ya kulala.

Jumatano baada ya alasiri nikampa Baba. Nilikuwa naogopa, Shangazi, nakwambia kweli. Aliisoma kimya safari hii. Niliona macho yake yanashuka, yanashuka, halafu yakasimama. Yalisimama pale penye habari yako. Akakaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Mama alikuwa amejibanza mlangoni na sahani mkononi.

"Hapa hajajisifu," Baba akasema, kama anambishia mtu asiyeonekana. "Amesema yaliyotokea tu."

Akasoma tena. Kisha akasema, "Hii sauti ya Mkasi."

Hakuitia katika gari la Alhamisi. Asubuhi aliifunga kwa kitambaa, akaitia ndani ya kanzu, akapanda baiskeli yake akaipeleka Chake Chake mwenyewe. Mama akasema, "Asiyemtembeza binti yake, haya, anamtembeza kwa baiskeli." Lakini alisema Baba akiwa amekwisha kupita kona.

Kisha tukangoja. Kungoja kwangu unakujua. Nilifagia uwanja hata kuku wakahama. Mwalimu alipokuja nyumbani kwa miguu yake, juani, na bahasha mkononi, Mama alimkaribisha, akampa maji mara mbili. Nimeitwa! Nikaonekane Jumatano.

Nilikwenda na Baba, nimekaa nyuma ya baiskeli, sare imenyooshwa kwa pasi ya makaa. Baba akabaki nje ya ukuta. Nilimkuta nesi mkuu, mwanamke mnene, saa yake imebanwa kifuani, barua yangu iko mbele yake. Nikamtambua mara moja. Ni yule yule, Shangazi. Mwanao uliyekuwa ukimwombea baraka.

Alinitazama sana. "Huyu shangazi wa kwenye barua," akasema, "ndiye yule aliyekuwa akinibariki kila nikisema neno?"

"Ndiye."

"Na chupa zake zikifungwa vijikamba vya rangi? Nilidhani ni mambo ya mganga!" Akacheka. "Hajambo yeye?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi. Hilo sikujitayarisha nalo. Nilisema, "Ametutangulia." Nesi aliweka karatasi chini, akasema maneno ya rambirambi. Kisha akaniuliza habari ya damu, akasema yeye siku yake ya kwanza alianguka kabisa, mpaka daktari akamruka. Nikacheka, machozi yangu hayajakauka.

Halafu akainuka, akafungua mlango, akamwita mama mmoja aliyekuwa foleni na mtoto mgongoni. Mtoto anaharisha, amelegea. Nesi akamweleza mama yule: maji yachemshwe, yapozwe, chumvi na sukari kiasi gani, ampe kidogo kidogo, amnyonyeshe asimwachishe, na amrudishe lini. Alieleza vizuri. Na mama yule, Shangazi, ametazama sakafu, anaitikia:

"Ndiyo. Ndiyo, bibie. Mungu akubariki."

Nilikusikia wewe. Nesi akanigeukia, akanyoosha mkono tu, kama anayesema, haya.

Kulikuwa na kiti. Sikukikalia. Nilichuchumaa chini karibu na magoti yake, nikamshika mtoto mguu. "Dada, mie wa Ole. Nawe watoka wapi?"

"Kiuyu."

"Mbali! Hebu niambie mie, ukifika nyumbani, cha kwanza utafanyaje?"

Akamtazama nesi. Akanitazama mimi. Akaniinamia, akaninong'oneza sikioni, "Sijafahamu hata moja."

Basi tukaanza upya, mimi na yeye, kwa maneno ya jikoni: chungu gani, kata gani, chumvi ya kushika kwa vidole vingapi. Akanirudishia. Akakosea pa sukari, nikamrudisha, akanirudishia tena sawasawa. Alipoondoka alikuwa anatazama mbele.

Nesi mkuu akaandika kitu juu ya barua yangu. Akasema bila ya kuinua kichwa, "Shule ikifungwa, uje. Uje na viatu vya kufunga, si makubadhi."

Nimepata, Shangazi! Nimepata kazi!

Nilitoka sijui kama miguu inagusa chini. Baba akauliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia. Akasema, "Alhamdulillahi," akapanda baiskeli, nikapanda nyuma. Tulipofika penye mteremko wa kuingia kwetu, ambapo wanawake wanaanika karafuu kwenye majamvi kandokando ya barabara, akasema, "Mkasi leo angelipiga kigelegele." Tukaenda kidogo. Kisha akajaribu kukipiga yeye! Baba, Shangazi! Kilitoka kama jogoo aliyekabwa koo. Wale wanawake wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa juu ya karafuu. "Mzee Faki, kulikoni?" Baba akawajibu, na baiskeli inayumba, "Binti yangu amepata!" Hapo wakatupigia vya kweli, mmoja akimpa mwenzake, vikatufikisha mpaka mlangoni, na Mama akajua kabla hatujashuka.

Salma hakuitwa, lakini Mwalimu anasema kuna tangazo jingine linakuja, la shule ya watoto. Jana alikuja na maneno yake saba. Nikamwambia tuyafute yote, kisha nikamwuliza, "Salma, nani amekuona, ukifanya nini?" Akafikiri sana. Akaanza kusema jinsi anavyowafundisha wadogo zake kuhesabu kwa kokwa za bungo. Mimi nikawa naandika.

Shangazi, karatasi inakwisha. Niliiweka kalamu kidogo sasa hivi, nikaushusha ukili wako. Mama alinitazama nikiushika, akaniletea sindano. Nitaushona mkeka, ingawa pindo langu si zuri kama lako, nao nitaupeleka Chake Chake utandikwe wanapongojea kina mama, maana benchi ni chache na wa Kiuyu wanafika wamechoka. Watakukalia bila ya kukujua.

Na ahadi yangu ni hii. Kila atakayeinamisha uso akasema "ndiyo, ndiyo, Mungu akubariki," nitaipokea baraka yake. Kisha nitachuchumaa chini karibu yake, nimwulize tena.

Lala salama, Bi Mkasi. Neno lako limepokelewa.

Ni mimi, ntoto wenu,
Raya binti Faki